Simu chini ya mto

SWALI: Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 11. Saa 3 usiku anaingia kulala, taa anazima mwenyewe, na nikichungulia namkuta kimya. Lakini asubuhi kumwamsha saa 12 ni vita, na mwalimu wake anasema anasinzia darasani. Simu analala nayo chini ya mto, ila anasema ni ya kumwamsha tu. Je, simu asiyoitumia inaweza kumharibia usingizi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inaweza. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi wa tafiti 20 zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 125,000. Waliotumia simu au vishikwambi wakati wa kulala walipungukiwa usingizi zaidi ya wenzao, na hilo halikunishangaza. Kilichonishtua ni kwamba hata wale waliokuwa na kifaa chumbani bila kukitumia walilala pungufu, na mchana wakasinzia zaidi. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba simu ndiyo chanzo pekee, lakini mimi zinanitosha kuitoa chumbani.

Mtoto aliyelalia simu huwa anaisubiri. Nani amejibu? Kwenye kundi la darasa wanasema nini? Mwili umelala, masikio yako macho. Na ukimya wa gizani usikutulize sana. Nilipokuwa muuguzi wa watoto, msichana wa umri huohuo alinionyesha anavyoingiza simu ndani ya foronya mwanga usipenye, kidole gumba tu kikitembea kwenye kioo. Akisikia hatua za mama yake, anafumba macho na kuvuta pumzi taratibu.

Huo mwanga nao una kazi yake: unachelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na watoto ambao hawajabalehe huathirika nao kuliko vijana. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Wako, kwa ratiba hiyo, anazipata 9 ikiwa tu usingizi unamchukua palepale anapojilaza. Nusu saa ya simu, tayari ana deni.

Mnunulie saa ya mezani yenye kengele, kisababu cha simu kiishe. Kuanzia saa 2 usiku simu zote za nyumbani zichajiwe sebuleni, yako ikiwemo. Akiiona yako mkononi mwako kitandani, hatakusikiliza. Usimnyang'anye kwa ghadhabu. Kaa naye mchana, mweleze, na mkubaliane atawaagaje rafiki zake kabla ya kuiweka.

Siku za mwanzo atanuna, vumilia. Ila kama wiki kadhaa zikipita bado anasinzia darasani, au anakoroma kwa nguvu na pumzi kukatika usingizini, mpeleke kwa daktari.