Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Sosholojia ya Chuo Binafsi Ipimwe kwa Lipi?

SWALI: Mhariri wa safu hii, salamu. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya kwanza ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, katika chuo kikuu binafsi. Tulikwenda kukiona chuo hicho, tukakuta majengo mazuri na maofisa wakarimu, lakini kila nilipouliza juu ya masomo yenyewe nilipewa kijitabu chenye picha. Ndugu zangu wananiambia kwamba vyuo binafsi vinauza vyeti, na kwamba sosholojia ni kimbilio la waliokosa nafasi kwingine. Mimi sikufika chuo kikuu. Nitajuaje kama shahada hiyo ina uzito kabla sijalipa ada ya mwaka wa kwanza?
Mzazi mwenye mashaka

JIBU: Mzazi mwenzangu, ndugu zako wamechanganya tuhuma mbili, na ni vizuri tuzitenganishe.

Ile ya chuo binafsi tuimalize upesi. Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, ni chuo binafsi, na idara yake ya sosholojia, iliyoanza mwaka 1892 pamoja na masomo ya chuo chenyewe, ndiyo iliyojulikana kwa kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kuuchunguza mji mtaa kwa mtaa. Chuo Kikuu cha Atlanta, nchini humo humo, nacho kilikuwa binafsi, tena chenye fedha kidogo, lakini mwanasosholojia Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alifundisha hapo kuanzia mwaka 1897 hadi 1910 na kuongoza mfululizo wa tafiti kuhusu maisha ya Wamarekani weusi ambazo wanasosholojia wanazirejea hadi leo. Kwa hiyo kumjua mwenye chuo hakukuambii kinachofundishwa ndani yake.

Hata hivyo, shaka yako ina msingi. Chuo kinachoishi kwa ada kina kishawishi cha kufungua masomo yasiyo na gharama kubwa, na sosholojia, kwa kuwa haihitaji maabara wala mitambo, huonekana kuwa somo la kufundishwa kwa chaki na mhadhiri mmoja. Mtazamo huo ni potofu, kwa sababu somo hili lina gharama zake zisizoonekana kwa macho, nazo ni muda wa wahadhiri wa kumsimamia kila mwanafunzi anapokwenda kukusanya taarifa kwa watu, anapozichambua, na anapoandika alichokipata. Chuo kinachokwepa gharama hizo hutoa shahada ya kukariri majina ya wanafalsafa, hata kama majengo yake yanang'aa.

Anza na ithibati, lakini usiishie hapo. Hakikisha kwa mamlaka inayosimamia elimu ya juu, na si kwa chuo chenyewe, kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba programu hii ya sosholojia imeidhinishwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa halali huku programu mojawapo ikiwa bado haijapitishwa. Angalia pia tarehe ya mwisho ya idhini hiyo. Ithibati ni kizingiti cha chini tu. Inakuhakikishia kwamba cheti kitatambuliwa, haikuambii kama binti yako atafundishwa vizuri. Na kama chuo kinajivunia nafasi yake katika orodha za kimataifa za ubora, kumbuka kwamba orodha hizo hutegemea sana sifa za kitafiti, ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda asizione kabisa.

Kisha omba orodha ya wahadhiri wa idara, na uulize maswali mawili: wangapi ni waajiriwa wa kudumu, na wangapi walisomea sosholojia yenyewe? Mhadhiri wa muda anaweza kuwa mwalimu hodari kuliko wa kudumu, lakini anayefundisha vyuo vitatu kwa wiki moja hana saa ya kusoma rasimu ya mwanafunzi na kuirudisha ikiwa na maelezo. Vilevile, linganisha kozi zilizoorodheshwa katika kijitabu na zile zilizofundishwa kweli katika mihula miwili iliyopita. Nimeona vijitabu vyenye kozi za hiari ishirini, ilhali ratiba ya muhula ina nne.

Sasa nifike kwenye kiini, yaani mbinu za utafiti. Ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza mkuu wa idara, ningeuliza mwanafunzi anafundishwa mbinu za utafiti kwa mihula mingapi, na katika mihula hiyo anafanya nini kwa mikono yake mwenyewe. Kozi moja ya mihadhara mitupu katika mwaka wa mwisho haitoshi. Mwanafunzi anapaswa kutunga hojaji na kuona jinsi watu wanavyolielewa vibaya swali alilodhani liko wazi. Anapaswa kufanya mahojiano, kuyanakili neno kwa neno, na kuyachambua. Anapaswa kujua sampuli, yaani watu wachache wanaohojiwa kwa niaba ya wengi, inachaguliwaje na kwa nini watu mia tano waliochaguliwa vizuri wana thamani kuliko elfu tano waliojitokeza wenyewe. Na anapaswa kuketi mbele ya kompyuta na kuchambua takwimu. R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, hupatikana bila malipo, hivyo chuo kinachosema hakifundishi uchambuzi kwa sababu ya gharama za leseni hakijasema sababu ya kweli.

Nadharia nazo zina nafasi yake, na hapa kuna kipimo ambacho hata mtu asiyesoma sosholojia anaweza kukitumia: omba mitihani ya miaka iliyopita. Chukua mfano wa mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, ambaye mwaka 1897 alichapisha utafiti wake kuhusu kujiua, akitumia takwimu za serikali kuonyesha kwamba tendo linaloonekana kuwa la siri ya mtu binafsi hutofautiana kwa mpangilio kati ya makundi ya watu, kwa mfano kati ya Waprotestanti na Wakatoliki. Mtihani dhaifu utasema: "Taja na ueleze aina nne za kujiua kwa mujibu wa Durkheim." (Aina ya nne, kwa taarifa yako, aliigusia katika tanbihi tu, lakini wanafunzi wengi huikariri kana kwamba aliiandikia sura nzima.) Mtihani wenye nguvu utauliza nani aliyeamua kwamba kifo fulani kiandikwe kuwa cha kujiua, na je, inawezekana jamii moja ilificha vifo hivyo kuliko nyingine? Swali la kwanza hujibiwa kwa kumbukumbu. La pili hujibiwa na mtu aliyefundishwa kutilia shaka namna takwimu zinavyozaliwa, na huo ndio ujuzi ambao mwajiri, awe ni shirika la utafiti, ofisi ya mipango au gazeti, atamlipia.

Mwisho, omba kuona tasnifu tatu, yaani ripoti za utafiti ambazo mwanafunzi huandika mwishoni mwa masomo, za wahitimu wa karibuni, zisiwe zile zilizoshinda tuzo. Huna haja ya kuelewa kila neno. Tazama kama swali la utafiti ni dogo na linajibika, kama mwandishi anaeleza aliwapataje watu aliowahoji na walikubalije kuhojiwa, na kama anakiri mipaka ya alichokipata. Tasnifu zote tatu zikiwa na muundo uleule, utangulizi uleule na hitimisho la jumla linaloitaka serikali itoe elimu kwa umma, basi hakuna aliyesimamiwa. Chuo kikikataa kukuonyesha hata moja, nacho kimekujibu.

Kuhusu tuhuma ya pili, kwamba sosholojia ni kimbilio la waliokosa nafasi kwingine, nadhani nyuma yake kuna hofu kwamba haina kazi, na ni kweli kwamba shahada hii haimfungulii mtu mlango wa taaluma moja kama udaktari. Mhitimu huajiriwa kwa kile anachoweza kufanya. Kwa sababu hiyo shahada dhaifu ya sosholojia humwumiza aliye nayo zaidi kuliko shahada dhaifu ya fani yenye leseni yake, na ndiyo maana nimekusumbua na mitihani na tasnifu.

SWALI: Niko mwaka wa tatu wa sosholojia katika chuo binafsi. Mhadhiri wetu wa takwimu aliondoka katikati ya muhula, tukapewa alama kwa mazoezi mawili. Nimebakiza mwaka mmoja. Je, nihame?
Mwanafunzi

JIBU: Nisingekushauri uhame kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa chuo kipya huenda kisizikubali kozi zako zote na ukajikuta umerudi nyuma miaka miwili. Andikeni barua kwa mkuu wa idara mkiwa darasa zima, mkiomba vipindi vya kufidia na si alama, maana alama mnazo tayari na ndizo tatizo. Wakati huohuo, chagua mada ya tasnifu itakayokulazimisha kuchambua takwimu. Data za World Values Survey, utafiti wa kimataifa kuhusu maadili na mitazamo ya watu, zilizoanza kukusanywa mwaka 1981, hupakuliwa mtandaoni bila malipo, nazo zinatosha kwa swali la kiwango cha shahada ya kwanza. Tafuta msimamizi anayeziweza, hata kama ni wa idara ya uchumi. Tena dai maelezo rasmi ya kila kozi uliyosoma, yakiwa na mhuri, uyahifadhi pamoja na matokeo yako. Ukiomba shahada ya uzamili kwingine unaweza kuulizwa kozi ile ya takwimu ilihusu nini hasa, na ni rahisi kuyapata maelezo hayo ukiwa bado mwanafunzi kuliko baada ya kuondoka.