"Tutakupigia" za mahoteli zimenichosha

SWALI: Shikamoo anko. Natengeneza sabuni ya maji ya usafi hapa Arusha, nauzia mahoteli na lodge. Nimezunguka kama hoteli 15, kila nikifika naongea na supavaiza wa usafi, anaisifia, namwachia dumu la kujaribu, halafu kimya. Nikipiga naambiwa tutakupigia. Dumu la lita 20 nimeshusha kutoka 30,000 mpaka 26,000, wapi. Nishushe tena au nilipie matangazo Instagram?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bei iache hapo hapo, ukiendelea hivyo mwakani utawadekia bure.

Unaongea na anayetumia, anayesaini hata hakujui. Supavaiza anajua sabuni inayotoa madoa ila hela hana, oda inatoka kwa mtu wa manunuzi, storekipa anapokea, mhasibu analipa, na lodge zingine mwenye mali mwenyewe lazima aione kila invoisi hata ya viberiti. Sasa huyo supavaiza usimtupe, muulize tu LPO, yaani karatasi za oda, za vitu vya usafi anaandika nani, halafu muombe akupeleke, maana ukiingizwa na mtu wa ndani sio sawa na kuingia na begi lako unasubiri pale getini.

Ukifika kwa manunuzi usiongelee bei ya dumu, ongelea bei ya ndoo. Chukua mfano wa wewe 30,000 na mwenzako 24,000, ila yako nzito inatosha mililita 50 kwa ndoo moja ya kudekia na ya mwenzako inaenda 100. Yako ndoo inatoka shilingi 75, yake 120. Hesabu hiyo ipimie palepale hotelini na supavaiza akiona, usije nayo umeiandika nyumbani. Kama sabuni yako ni nyepesi basi hapo mdogo wangu karekebishe sabuni kwanza.

Mhasibu yeye harufu ya limau haimhusu, anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila hiyo atagombana na TRA. Na nembo ya ubora ya TBS utaulizwa tu.

Halafu ulienda lini? Juni mpaka Oktoba wageni wamejaa, nani ana muda wa kubadilisha sabuni. Nenda Aprili na Mei kipindi cha mvua, lodge zingine zimefunga kabisa wanafanya ukarabati, hapo watu wanakaa mnaongea.

Instagram sio mbaya ila sijaona storekipa anayeagiza madumu 40 kisa video. Hawa watu wa manunuzi wanajuana, wanahama hoteli hii kwenda ile, ukihudumia mmoja vizuri jina lako linahama naye.

Malipo uliza kabla hujapeleka mzigo, siku 30 za kwenye karatasi zinaweza kufika 90, usichukue hoteli ya tatu kama mbili za mwanzo hazijalipa. Yale madumu 15 uliyoacha pita uyakusanye matupu, mlinzi atakufungulia.