Snokeli peke yake haitoshi, difu nayo inahitaji kupumua

Ndugu, umeuliza kama ukishafunga snokeli (lile bomba linalovutia injini hewa kutoka juu, usawa wa paa) kwenye Land Cruiser yako unaweza kuvuka mto bila wasiwasi. Hapana. Snokeli inalinda injini tu. Difu (giaboksi ya kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu), giaboksi na transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) nazo zina matundu yao ya kupumulia, na kwenye difu tundu liko palepale juu ya ekseli (mhimili wa magurudumu), chini kabisa ya gari.

Tatizo ni joto. Umeendesha kwa muda wa saa mbili, difu imechemka, ghafla unaizamisha kwenye maji baridi. Hewa ya ndani inasinyaa, difu inavuta, na kinachovutwa ni maji, kupitia kale kakofia ka tunduni au kwenye sili (mipira inayozuia oili isivuje). Mimi niligundua nilipofungua nati ya kumwagia oili: ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Beringi hazidumu kwenye oili ya namna hiyo.

Dawa yake ni rahisi. Ng'oa kakofia, funga nipeli (kiungio cha kuchomekea mpira), vuta mpira wa bomba unaostahimili oili mpaka juu karibu na fayawoli (ukuta kati ya injini na abiria), mdomo ukiwa na kichujio kidogo kinachotazama chini. Mpira wa ekseli uache na ulegevu wa kutosha, maana ekseli inashuka sana gurudumu likining'inia, ukikaza, utachomoka. Usiuache ulale mahali ukatengeneza bonde, maji yatatuama humo. Na tafadhali, usizibe tundu kwa silikoni kama wengine wanavyofanya: presha itasukuma oili itokee kwenye sili.