Maswali na Majibu: Cheo cha Mkubwa wa Maabara Hakiji kwa Uzee Kazini

Nina diploma na nimeshika maabara ya kituo cha afya cha ngazi ya IV miaka 14. Mbona tangazo la mtaalamu mwandamizi wa maabara linanikataa? (Msomaji, Lira)

Kwa sababu linataka shahada. Katika utumishi wa umma wa Uganda mwenye cheti huanzia ngazi ya mshahara ya U7 (namba ikipungua, cheo kinapanda), wa diploma U5, wa shahada U4, na uandamizi uko juu ya hapo. Nieleweni, hili nimeshalijibu hadi nimechoka: kukaimu si kupandishwa cheo. Najua inauma. Wewe ndiye uliyemfundisha yule kijana kusoma slaidi ya kifua kikuu, leo amerudi na shahada yake ya Mbarara ni mkubwa wako. Lakini usimnunie kijana. Inunie wilaya iliyokukaimisha mwaka nenda mwaka rudi, kisha ukiomba ruhusa ya masomo inasema hakuna wa kukushikia kazi. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Nina shahada ya baolojia. Nitasajiliwa? (Jinja)

Hapana. Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi, ndilo linalosimamia watu wa maabara, linasajili waliosomea maabara ya tiba, si kila aliyewahi kuchungulia hadubini.

Leseni yangu imeisha lakini nimesajiliwa tangu zamani. Usaili ni wiki ijayo. (Arua)

Usajili ni kitu kimoja, leseni ni kingine, na leseni huhuishwa kila mwaka. Baraza hilo lipo kwa sheria ya 1996. Hii si habari mpya. Lipia leo.

Nimesoma Kenya na bodi ya huko imenisajili. Inatosha? (Busia)

Haivuki mpaka nawe. Anza na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu likutambulie shahada, ndipo uende kwenye usajili wa hapa. Na yule "mtu wetu wa ndani" anayetaka pesa akuharakishie, mwache apite. Karatasi za namna hiyo huanguka siku ya uhakiki, na wewe ndiye unayeshtakiwa, si yeye.

Siku hizi mashine ndiyo inapima. Shahada ya nini? (Kampala)

Mashine inatoa jibu. Mkubwa wa maabara ndiye anayeamua kama litoke mlangoni. Kipimo cha Ebola cha mashine ya GeneXpert kimetengenezwa kwa aina ya Zaire. Mlipuko wa Mubende uliotangazwa tarehe 20 Septemba 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, na iliyouthibitisha ni UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Asiyejua tofauti hiyo angesoma "hakuna" akamrudisha mgonjwa wodini pamoja na wengine. Ndiyo maana ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, kinadai umahiri uthibitishwe, tena na tena, si kudhaniwa.

Ila nami sitaki kuiabudu shahada. Wapo wahitimu wasioweza kusoma chati ya udhibiti wa ubora, ile inayoonyesha kama kipimo kinakwenda sawa, na kamati za usaili zinawapitisha kwa sababu zinauliza maana ya maneno. Wawekeeni chati mezani, yenye kosa ndani, muone nani analiona.

Anayeajiri ni wilaya au Kampala? (Soroti)

Hospitali ya rufaa ya mkoa: Tume ya Utumishi wa Afya. Kituo cha wilaya: tume ya utumishi ya wilaya. Na jamani, maombi yenu msinitumie mimi.