Vayolini Haigongwi: Maswali ya Wapiga Kinanda

*Shikamoo Mwalimu. Napigia kwaya kinanda hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimeweka kwenye kompyuta sauti za okestra zilizorekodiwa kwa vyombo halisi, lakini sauti zangu za vyombo vya nyuzi bado zinasikika kama kinanda. Nakosea wapi?*

Marahaba. Sauti hazina kosa, mikono yako ndiyo ina mazoea. Piano ukishaigonga, kazi imekwisha. Noti inafifia yenyewe, kama uzi wa ligombo, ile ala ya nyuzi ya kudonoa. Vayolini haigongwi. Inavutwa kwa upinde, na mkono unaovuta ndio unaoamua noti ikue au inyong'onyee. Kwenye kinanda mkono huo ni gurudumu la modulesheni, kidhibiti namba 1 cha midi, yaani lugha ambayo kinanda huzungumza na kompyuta. Katika sauti nyingi za okestra ndilo linalohamisha uchezaji kutoka laini hadi mkali. Kidhibiti namba 11 hupandisha na kushusha ujazo tu. Basi kulia noti, kushoto gurudumu, nalo lisikae tuli hata kwenye noti ndefu.

La pili ni kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Ukishika vidole vitatu kwenye sauti ya kundi la vayolini 16, umeita wapigaji 48, na sidhani kwaya yenu ina nauli yao. Gawa kama unavyogawa waimbaji: soprano vayolini ya kwanza, alto vayolini ya pili, tenori viola, besi chelo. Rekodi moja moja. Na vayolini usiishushe chini ya ile G iliyo chini ya C ya kati; haina uzi huo.

*Niko Kihesa, Iringa. Tarumbeta langu la utangulizi linachosha masikio.*

Halipumui. Imba kipande hicho kwa mdomo. Utakapovuta pumzi ndipo pa kuinua vidole. Kama noti inarudiwa, badilisha nguvu ya kugonga kila mara, maana midi inakupa ngazi 127 na wengi wetu tunatumia mbili. Sauti nzuri huzungusha rekodi kadhaa za noti ileile. Yenye rekodi moja, noti ikirudiwa, hutoa mlio wa bunduki ya rashasha.

Fluti nayo, kwa kuwa naisikia sana: karibu na C ya kati ni dhaifu. Ukiifanya hapo ipige kelele kuishinda tarumbeta, aliyewahi kuishika atacheka.

*Mwalimu, pedali ya kushikilia niitumie? (Tukuyu)*

Kwa kinubi, sawa. Kwa nyuzi na tarumbeta, toa mguu. Noti zikiungana, achia ya kwanza baada tu ya kubonyeza ya pili. Sauti zenye legato (uchezaji wa kuunganisha noti) zitaweka mtelezo wenyewe.

*Nyuzi zinachelewa nyuma ya ngoma. Nimeshauriwa ninunue kompyuta mpya. (Njombe)*

Ngoja kwanza. Piga piano kwenye kompyuta hiyohiyo. Ikiwahi, mashine ni nzima. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, ikiwa ya sampuli 512 kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde huchelewesha takriban milisekunde 12, sawa na kusimama mita nne kutoka kwenye spika. Hakuna anayelalamikia hilo. Kinachochelewa ni upinde wenyewe, kwa sababu noti ndefu ya nyuzi huanza polepole hata mikononi mwa binadamu. Ibadani, vipande vya haraka vipe sauti ya stakato (noti fupi zilizokatwa). Studio, sogeza nyuzi mbele kidogo mpaka zikae na ngoma. Hela ya kompyuta kata kidogo tu, nunua pedali ya ujazo, uipe kazi ya gurudumu, mkono wa kushoto urudi kwenye noti.