Mji wa Kilimani ni Ghorofa: Nilivyoutembelea Whitby na Mkongojo Wangu

Usiku wa kwanza Whitby, mji wa pwani huko Uingereza, nililala mguu ukiwa juu ya mito miwili, nyonga inawaka kama imepakwa pilipili. Kosa lilikuwa langu, na ninaliandika hapa ili wewe mwenye mguu kama wangu usilirudie. Niliuona mji kwenye picha, umeshuka kutoka mlimani hadi baharini, nikadhani unaweza kuuzunguka wote kwa mkupuo mmoja, asubuhi hadi jioni, mradi upumzike njiani.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mtu anatoka Ngamiani mpaka Raskazone kwa baiskeli bila kushuka kusukuma. Nyonga yangu ya kushoto ina vyuma tangu mwaka 2014, daladala tuliyopanda ilipopinduka. Kwenye tambarare natembea nusu saa na mkongojo bila shida. Ngazi kumi nazipanda. Zikifika ishirini nahitaji pa kukaa. Hesabu hiyo naijua kama ninavyojua namba yangu ya simu, na kabla ya lolote nakuomba nawe uijue yako: dakika ngapi tambarare, ngazi ngapi bila kupumzika, na kushuka je? Wengi wetu tunajua ya kupanda tu.

Mwanangu anaishi Leeds. Mwezi wa tano aliniambia, "Mama, twende ukaone bahari, umekaa ndani mno." Tukapanda basi namba 840, lile linalotoka Leeds likapita York, Malton na Pickering, likakatiza nyika za North York Moors mpaka pwani. Ni safari ndefu, zaidi ya saa tatu, lakini basi linainama kwenye kituo, dereva anatoa ubao wa kupandia kwa mwenye kiti cha magurudumu, na viti vya mbele chini vimetengwa kwa watu kama sisi. Kaa hapo. Ghorofa ya juu ina mandhari nzuri zaidi, ila ngazi yake ni nyembamba na basi halingoji uketi.

Whitby uko pale mto Esk unapoingia Bahari ya Kaskazini. Mto umepita katikati ya majabali mawili, na nyumba zimepanda pande zote mbili, paa la huyu likiwa usawa wa mlango wa yule. Jabali la mashariki limebeba kanisa la St Mary's na magofu ya abasia, yaani makao ya kale ya watawa. Jabali la magharibi limebeba nyumba za wageni, sanamu ya nahodha James Cook, aliyejifunza ubaharia katika mji huo, na tao la mifupa ya taya la nyangumi. Chini ndiko kwenye bandari, soko la samaki, na daraja linalofunguka kupisha vyombo.

Kutoka bandarini kwenda kanisani kuna ngazi 199. Zilikuwa za mbao mpaka mwaka 1774, kisha zikajengwa za mawe. Mjukuu wangu, ana miaka tisa, alitangulia akihesabu kwa sauti. Nami nikaanza. Chuma cha kushikilia kipo, ngazi zenyewe ni pana na si ndefu kwenda juu, na hapo ndipo nilipodanganyika, kwa sababu zile thelathini za kwanza zinapandika vizuri sana. Kwenye vituo vya kupumzikia kuna mabenchi. Bwana mmoja mzee aliyekuwa amekaa hapo alinisogezea nafasi akanieleza kwamba mabenchi yale yaliwekwa kwa ajili ya wachukua jeneza, wapate pa kulitua wakiwa njiani kwenda makaburini juu. Nikakaa, nikatazama juu, nikaona mwanangu ananipungia mkono. Nikaendelea. Nilifika kama katikati nikajua sitafika.

Basi kumbe kupanda ndiyo ilikuwa nusu rahisi. Kushuka, uzito wote unaangukia kwenye goti na nyonga, na ukungu wa bahari ulikuwa umeshaingia, mawe yameloa. Nilishuka ngazi moja moja, kila mmoja ananipisha, dakika zaidi ya ishirini. Kwa hiyo nakuambia mwenye nyonga au goti bovu: ukitaka kujua kama kilima unakiweza, usijiulize kama utapanda. Jiulize kama utashuka, tena kukiwa na maji.

Kanuni niliyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiyo iliyonifikisha chini salama. Kupanda, tanguliza mguu mzima, kisha mkongojo na mguu mbovu vifuate. Kushuka, tanguliza mkongojo na mguu mbovu, mguu mzima ndio ufuate. Mkongojo unashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, na penye chuma cha kushikilia, kitumie. Halafu pindua mkongojo wako sasa hivi uangalie kile kipande cha mpira cha chini. Kama mistari yake imefutika, nunua kingine kabla ya safari. Bei yake ni ndogo, na kwenye mawe yaliyoloa hicho ndicho breki yako.

Usiku ule, mguu ukiwa kwenye mito, nilimwomba mwanangu anifungulie ramani ya mji kwenye simu. Tukaitazama muda mrefu. Ndipo nikaelewa kwamba Whitby ni jengo la ghorofa. Ghorofa ya chini ni bandari. Ghorofa ya magharibi ni jabali la hoteli. Ghorofa ya mashariki ni abasia. Kila moja, ukishafika, ina tambarare yake nzuri. Kinachomuumiza mtu ni ngazi za kuunganisha ghorofa. Nikaamua: kila ghorofa siku yake au nusu siku yake, na kati ya ghorofa napanda gari. Tangu hapo safari ikawa safari.

Asubuhi tukachukua teksi. Kwa macho, abasia ipo palepale juu ya kichwa chako, lakini barabara ya gari inazunguka nyuma ya mlima, kwa hiyo usishangae dereva akikupeleka kama anatoka nje ya mji. Juu kuna maegesho karibu na mlango. Mwambie dereva akushushe mlangoni, sio penye maegesho ya jumla, na mkubaliane saa ya kukurudia kabla hajaondoka, kwa sababu juu kule teksi hazipiti zikitafuta abiria.

Abasia ilianzishwa mwaka 657 na mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Hilda. Kilichobaki sasa ni kuta za mawe zilizosimama kwenye majani bila paa, madirisha matupu, na bahari nyuma yake. Majani yana mabonde madogo madogo, tembea taratibu. Nilikaa kwenye benchi saa nzima upepo ukinipiga, na sikuwa na haraka ya kwenda popote, maana nguvu zangu zote nilikuwa nazo bado. Jana yake saa kama ile nilikuwa nimeshachoka na sijaona kitu.

Kutoka hapo hadi kanisa la St Mary's ni njia fupi. Ndani viti ni vya mbao, vimezungushiwa kuta kama vyumba vidogo vyenye milango. Kwenye mimbari nilionyeshwa kitu ambacho sijakisahau: mirija ya kusikilizia, mfano wa baragumu, iliyofungwa hapo karne ya 19 kwa ajili ya mke wa kasisi aliyekuwa hasikii vizuri, ili mahubiri yamfikie alipokaa. Nilisimama mbele ya mirija ile nikamfikiria yule mama. Mtu alichukua nyundo na misumari kwa ajili ya masikio yake. Siku ile sikuona haya tena kumuuliza mhudumu kama kuna kiti naweza kusogezewa karibu na mlango. Kilikuwepo.

Jioni mwanangu na mjukuu walishuka zile ngazi 199 kwa miguu, mimi nikashuka kwa teksi. Tulipatana mahali na saa: mwanzo wa daraja, upande wa soko la samaki, saa kumi na moja. Jambo hili dogo lifanyeni mapema. Wenzako wakijua utakuwa wapi na saa ngapi, wataondoka kwa amani, nawe hutakimbizana nao kwa kuona aibu kuwachelewesha. Nimeshawahi kujikaza hivyo Lushoto, harusini, na nililipa wiki mbili kitandani.

Ghorofa ya chini niliitembea siku ya tatu, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Gati la magharibi ni refu, pana na tambarare, lina mnara wa taa wa mwaka 1831, na mwenye kiti cha magurudumu au skuta ya umeme anaenda umbali mrefu bila kubughudhiwa. Ng'ambo ya daraja, mtaa wa Church Street umetandikwa mawe ya mviringo kama mikate ya boflo iliyopangwa. Ni tambarare, lakini magurudumu madogo yanatikisika na ncha ya mkongojo inadumbukia kati ya mawe. Nilitembea pembeni, kwenye mawe bapa. Vichochoro vyake vinavyopanda mlimani vilinikumbusha Mji Mkongwe wa Unguja, vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa bega. Nilivitazama kutoka chini, ikatosha. Nenda kabla ya saa nne asubuhi. Baadaye watu wanajaa, na darajani msukumano si mzuri kwa mtu asiyesimama imara. Daraja likifunguliwa meli zipite unasimama kungoja, kwa hiyo kaa karibu na ukuta.

Kwa ndugu Waislamu na wasiokula ng'ombe: huko Yorkshire maduka mengi hukaanga samaki na chipsi kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla hujalipa. Yapo yanayotumia mafuta ya mimea. Na shakwe wa Whitby wanapora chakula mkononi, nawe mkono mmoja umeshika mkongojo, kula ndani.

Malazi ndipo wengi tunapopotea. Nyumba za wageni kule ni za zamani, ghorofa tatu au nne, na nyingi hazina lifti. Niliahidiwa chumba cha chini. Nilipofika nikakuta ngazi sita kutoka barabarani hadi mlangoni, na mbili ndani. Chumba kilikuwa cha chini kweli kwa hesabu ya mwenye nyumba. Siku hizi siulizi tena "ni cha chini?" Nauliza: kutoka gari linaposimama hadi kitandani kwangu, kuna ngazi ngapi? Choo je? Bafu ni la kuingia kwa kunyanyua mguu au la kusimama? Naomba picha ya mlango wa nje. Anayekujibu kwa subira maswali hayo manne, huyo lala kwake. Na chagua ghorofa ya mji ambako jioni zako zitakuwa, maana jioni ndipo mguu unapokuwa umeisha nguvu na teksi ni chache.

Kuna lifti ya mwaka 1931 iliyochimbwa ndani ya jabali la magharibi. Tulipofika ilikuwa imefungwa. Ukisikia mji una lifti, piga simu uulize kama inafanya kazi wiki hiyo, usiamini ramani. Ukitaka kuona inayopendeza, nenda Saltburn, kaskazini ya hapo, ambako tangu mwaka 1884 mabehewa mawili yanapanda na kushuka jabali kwa nguvu ya maji: tangi la behewa la juu linajazwa, linakuwa zito, linashuka huku likilivuta la chini. Ni ya msimu, nayo uliza kwanza.

Kuhusu vyoo: Uingereza kuna maelfu ya vyoo vya walemavu vinavyofunguliwa kwa ufunguo mmoja unaoitwa RADAR, mpango ulioanza mwaka 1981. Unanunuliwa mtandaoni. Nauvaa shingoni na uzi.

Siku ya kuondoka tulikuwa na saa moja kabla ya basi. Mjukuu aliniuliza kama angeweza kuzipanda ngazi mara ya mwisho, kwa sababu mara ya kwanza alipata 198 na mara ya pili 200. Nikamwambia nenda. Nikakaa chini kwenye kiti cha mbao, mkongojo magotini, nikamsikiliza akihesabu mpaka sauti ikapotelea kwenye upepo. Aliporudi alikuwa anahema. "Bibi," akasema, "ni mia moja tisini na tisa."