Maswali ya Wasomaji: Shule Inachukua Miaka Mingapi?

Swali: Binamu yangu wa Kenya alitoka kidato cha nne akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Mimi, niliyesoma Tanzania, nilipita kwanza kidato cha tano na cha sita. Je, nilipotezewa miaka miwili?

Jibu: Hapana, hukupoteza hata mmoja. Jumlisha. Binamu yako, kama alisoma mfumo wa 8-4-4, ana msingi miaka 8, sekondari 4 na digrii 4: jumla 16. Wewe una msingi 7, kidato cha kwanza hadi cha nne miaka 4, cha tano na cha sita 2, digrii 3: nayo ni 16. Uganda ni hivyohivyo, na Marekani, ukiacha chekechea, ni 12 kisha 4. Hapa tunazungumzia digrii za kawaida. Udaktari wa tiba una hesabu yake.

Watu hukosea kwa kulinganisha jina la darasa. Kidato cha nne cha Tanzania ni mwaka wa 11 wa masomo, cha Kenya ni wa 12. Ndiyo maana mwenye cheti cha kidato cha nne cha Tanzania akiomba digrii nje kwa cheti hicho pekee mara nyingi hukataliwa hata kama alama zake ni nzuri sana, naye hubaki akidhani ameonewa. Kabla ya kulipa ada ya maombi, hesabu miaka yako kuanzia darasa la kwanza, kisha uliza chuo kinataka mingapi.

Hesabu hizi zenyewe zinabadilika. Kenya ilianza kuhamia mfumo wa 2-6-3-3-3 (awali 2, msingi 6, sekondari ya chini 3, sekondari ya juu 3, chuo 3) mwaka 2017. Tanzania inapunguza msingi kuwa miaka 6, hivyo walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba.

Swali: Mwanangu ana miaka 5 na anajua kusoma. Nimrushe aingie darasa la kwanza?

Jibu: Tunakushauri usiharakishe. Kusoma ni sehemu ndogo ya kazi ya darasa la kwanza. Tazama kama anaenda choo bila msaada, anafunga viatu, anafuata maagizo mawili yaliyotolewa kwa pamoja ("weka daftari, kisha njoo hapa"), na anashika penseli dakika 10 bila mkono kuchoka. Akishindwa mawili kati ya hayo, mwache darasa la awali. Finland watoto huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka 7, na hakuna anayewaita wamechelewa.

Swali: Binti amefeli hesabu. Arudie mwaka?

Jibu: Kurudia mwaka ni kurudia masomo yote kwa ajili ya moja. Kwanza tafuta pengo liko wapi: mpe maswali ya madarasa mawili nyuma, ukishuka mpaka ufike anapopata yote. Mara nyingi utakuta tatizo ni hesabu za sehemu (kama nusu na robo), au kugawanya, wala si mada ya mwaka huu. Anzia hapo, nusu saa kwa siku, siku nne kwa wiki. Kurudia darasa kunafaa zaidi pale mtoto alipokosa muhula mzima, kwa ugonjwa kwa mfano.

Swali: Tunahamia nchi nyingine. Tubebe nini?

Jibu: Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, barua ya uhamisho yenye muhuri, na ripoti za miaka miwili zinazoonyesha mizani ya alama, kwa sababu "B" haisemi chochote bila mizani. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa kote. Herufi moja ikitofautiana, usajili unaweza kukwama. Angalia pia kalenda: mwaka wa shule England huanza Septemba, Japani Aprili. Mtoto aliyemaliza darasa Desemba atajikuta akiingia katikati ya mwaka, kwa hiyo omba apimwe kabla ya kupangiwa darasa.